Wimbo wa Dolly katika Duka la Kaseti, Nakuru

Nilianza kazi ya kurekodi kaseti mjini Nakuru mwishoni mwa mwaka 1982, miezi michache baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, wakati watu walikuwa bado wanafungua redio asubuhi kwa wasiwasi. Duka lilikuwa jembamba: kaunta ya mbao mbele, rafu za santuri nyuma, na katikati deki mbili za kaseti zilizounganishwa na gramafoni. Mteja alikuja na kaseti tupu, au aliinunua kwetu, pamoja na orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Kazi yangu ilikuwa kuzitafuta nyimbo hizo, kuzipanga ziweze kuenea, kuzirekodi, na kuandika majina yake kwa mkono kwenye kadi ya kaseti.

Orodha nyingi zilikaribiana. Franco alikuwamo, na Les Wanyika, na Joseph Kamaru, na Daniel Kamau. Halafu, karibu kila karatasi, liliingia kundi la Wamarekani weupe waimbaji wa kantri: Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, lakini kwetu Bonde la Ufa aliendelea kuuza kaseti kama mtu aliyetoka studio wiki iliyopita. Jioni, Idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya ilikuwa na kipindi cha Sundowner, na nyimbo zilizopigwa mle usiku zililetwa kwetu kesho yake asubuhi, nyingine bila jina, mteja akizivumisha tu juu ya kaunta hadi nizitambue.

Wageni hushangaa wakisikia kwamba Wakenya wanapenda kantri. Mimi niliyesimama nyuma ya kaunta ile sikushangaa. Wateja wetu walikuwa makarani, walimu, makuli wa reli, wauguzi, vibarua wa mashamba ya ngano na maziwa. Wengi walikuwa wameacha nyumbani wazazi, mashamba na wachumba. Muziki wa kantri unasimulia mambo hayo hayo: mama aliyebaki kijijini, kanisa, barabara ndefu, mapenzi yaliyokatizwa na safari. Tena unasimulia polepole, na maneno yanasikika. Mtu wa Kiingereza cha darasa la saba aliweza kuufuata wimbo mzima na kuuelewa.

“I Will Always Love You” niliujua kupitia santuri ya Dolly ya mwaka 1974 iitwayo Jolene. Upande wa kwanza unaanza na “Jolene” yenyewe, na upande wa pili unaanza na wimbo huu. Wateja walizitaka hizo mbili kuliko zote, kwa hiyo sindano ya gramafoni ilishuka mahali pale pale, pande zote mbili, siku baada ya siku. Baada ya muda ukingo wa nje wa santuri ulijaa mikwaruzo, ilhali nyimbo za ndani zilibaki zinang'aa kama zilivyotoka kiwandani. Ukiishika santuri ile kwenye mwanga wa mlango, ungejua watu wa Nakuru wanapenda nini bila kumwuliza mtu.

Dolly anauimba kwa sauti ndogo. Gitaa ziko mbali nyuma yake, na sauti inatetemeka kidogo kama ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba kimoja naye. Ubeti wa mwisho hauimbi kabisa, anausema. Anayeimba ameamua kuondoka, kwa sababu akibaki atamzuia mwenzake. Hamlaumu, hadai kitu, anachukua kumbukumbu zake na kumtakia heri. Ubeti ule wa kusema ndio wa heri: maisha mema, furaha, ndoto zitimie, na zaidi ya yote upendo. Wateja wazee walinisisitizia kila mara, “Kijana, usiukate kabla hajamaliza kuongea.”

Hadithi ya kutungwa kwake nilikuja kuisoma baadaye kwenye majarida, na Dolly mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 21, msichana kutoka milima ya Sevier County, Tennessee, aliajiriwa katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, nyota wa kantri wa Nashville. Wagoner ndiye aliyemfanya Marekani imjue. Walikubaliana miaka mitano, akakaa saba. Alipotaka kuondoka asimame peke yake, mzee alikataa, wakabishana muda mrefu. Dolly akaona maneno ya mdomo hayamfikishi popote, akaenda nyumbani akatunga wimbo, kesho yake akamwimbia ofisini. Kwa masimulizi yake, Wagoner alilia, akamwambia aende, mradi yeye awe mtayarishaji wa santuri hiyo. Waliurekodi Juni 1973 katika Studio B ya RCA mjini Nashville, na Juni 1974 ukashika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard.

Kuna jambo moja katika hadithi hiyo ambalo mtu wa kaseti hawezi kulipita. Dolly amesema wimbo huu na “Jolene” alizikuta kwenye kaseti moja ya zamani aliyokuwa akirekodia nyimbo mpya, na huenda alizitunga siku moja. Katika moja, mwanamke anamsihi mwenzake asimchukulie mume. Katika nyingine, mwanamke anaondoka kwa hiari. Hofu ya kuachwa na ujasiri wa kuondoka vilikaa kwenye utepe mmoja.

Kisha akaja Elvis Presley. Elvis aliupenda wimbo na alitaka kuurekodi. Dolly alifurahi, akawaambia watu wake. Muda mfupi kabla ya kurekodi, meneja wa Elvis, Tom Parker, akampigia simu: Elvis harekodi wimbo mpaka apate nusu ya haki za uchapishaji. Wimbo ulikuwa tayari umeshafika namba moja kwa sauti ya Dolly na ulikuwa mali ya kampuni yake mwenyewe, mali aliyokusudia kuwaachia jamaa zake. Akakataa. Amesema alilia usiku kucha, na watu walimwona amerukwa na akili. Fikirini mwanamke wa umri wa chini ya miaka 30, katika Nashville ya miaka ile, akimwambia hapana mwimbaji mkubwa kuliko wote duniani. Kila kilichoutokea wimbo huu baadaye kinatoka kwenye hapana hiyo.

Mwaka 1975 Linda Ronstadt aliurekodi, kwa sauti safi iliyonyooka, bila ubeti ule wa mwisho. Mwaka 1982 Dolly aliurudia kwa ajili ya filamu aliyocheza na Burt Reynolds, na Oktoba mwaka huo ukashika tena namba moja ya kantri. Hakuna mwimbaji aliyewahi kabla yake kufika namba moja ya chati hiyo mara mbili kwa wimbo ule ule. Rekodi hiyo ya 1982 ndiyo iliyokuwa hewani nilipoanza kazi, kwa hiyo tangu siku za kwanza nilikuwa namwuliza mteja, “Wa zamani au wa sasa?”

Miaka kumi ikapita hivyo. Sauti ya Kenya ikageuka KBC mwaka 1989, sidii zikaanza kuingia Nairobi, na duka letu likapata deki mpya. Mwanzoni mwa 1993 ukatufikia wimbo ule tena, kwa sauti ya Whitney Houston, kutoka filamu ya The Bodyguard. Huko Marekani ulikaa kileleni mwa chati kuu kwa wiki 14, rekodi ya wakati huo. Nakuru ulipigwa kwenye matatu, kwenye saluni, kwenye vibanda vya video, na kwa miezi kadhaa sikumbuki kurekodi kaseti ya mapenzi isiyokuwa nao.

Ulinipa kazi mpya pia. Nyimbo za Dolly zilikuwa rahisi: unapima sauti mwanzoni, unaachia. Whitney anaanza peke yake, bila ala hata moja, na sindano za mita kwenye deki zinatikisika kidogo tu. Fundi mgeni huona sauti ni ndogo, anaiongeza. Dakika tatu baadaye, baada ya saksafoni ya Kirk Whalum na ubeti wa heri, kila kitu kinanyamaza, ngoma inapiga pigo moja zito, ufunguo unapanda, na Whitney anaingia kwa nguvu zote. Sindano zinajikita kwenye nyekundu na kaseti inatoka imepasuka sauti. Dawa ilikuwa kuutafuta kwanza mlio ule wa ngoma, kupima sauti pale, ndipo urudi mwanzo. Kisha kulikuwa na suala la nafasi. Wimbo wa Dolly hauzidi dakika tatu; wa Whitney unakaribia nne na nusu. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 una dakika 30 tu, kwa hiyo ukimweka Whitney lazima mtu mwingine apunguzwe, na mara nyingi aliyetolewa alikuwa Jim Reeves. Wazee hawakupenda.

Ubishi uliopamba moto dukani miezi ile ulihusu yupi ni mwenyewe. Vijana wengi hawakujua kabisa kwamba ni wimbo wa kantri. Niliwapigia Dolly, wakacheka, wakasema huyu mama mbona anaimba kama amechoka. Wazee nao walisema huyu binti anapiga kelele mahali pa kunong'ona. Nilisikiliza pande zote mbili mchana kutwa, na nilifikia kuamini kwamba zote zilikuwa zinasikia sawasawa. Dolly anamuaga mtu mmoja, naye yuko mbele yake. Whitney anaaga mbele ya umati, na ule ukimya kabla ya ngoma ndio hatua ya kuvuka mlango; baada ya hapo hakuna tena haja ya kujizuia.

Jumamosi moja mwaka huo aliingia kijana, fundi wa magari, pamoja na mchumba wake. Walikuwa wanaoana mwezi uliofuata na walitaka kaseti ya harusi. Wimbo wa kwanza kwenye orodha ulikuwa huo. Pale kaunta alikuwa amesimama mwalimu mstaafu, mteja wa miaka mingi, aliyekuwa akingoja kaseti yake ya Don Williams.

“Kijana wangu,” akasema, “unaoa au unaachana?”

“Naoa, Mwalimu.”

“Basi umechagua vibaya. Huyo anayeimba anaondoka. Sikiliza maneno.”

Kijana akaangalia chini. Yule msichana ndiye aliyejibu, kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma. “Maneno nayajua, Mwalimu. Ni mimi ninayeondoka. Siku ile natoka nyumbani kwa mama, na sisi tuko wawili tu, mimi na yeye. Nataka upigwe wakati natoka kwetu, si kanisani.”

Mwalimu alinyamaza. Kisha akamwambia, “Mwanangu, nimekuelewa. Upige.” Akanigeukia mimi: “Mwekee wa Dolly, ule wa kuongea mwisho. Mama yake atataka kusikia yale maneno.” Binti akasema hapana, anataka wa Whitney, maana mama yake ameupenda redioni. Niliwawekea wote wawili, mmoja mwanzo wa upande wa kwanza, mwingine mwanzo wa upande wa pili, na sikuwadai nyongeza.

Tangu siku hiyo sijawahi kumkosoa mtu anayeupiga wimbo huu harusini. Watu wengi wamekwisha andika kwamba ni kosa, kwamba maharusi hawasikii maneno. Lakini kwetu harusi ina kuagana ndani yake. Binti anatoka, mama anabaki, nyumba inapungua mtu. Kinachotakiwa siku hiyo ni kuondoka bila ugomvi na kutakiana heri, na ndicho Dolly alichoandika alipokuwa anatoka kwa Porter Wagoner.

Ubeti wa heri wenyewe nusura usiingie kwenye wimbo wa Whitney. Kevin Costner, aliyeigiza naye, ndiye aliyependekeza wimbo huu baada ya ule waliokusudia kuutumia kuwa umeshaingia katika filamu nyingine. Alisisitiza pia kwamba uanze bila ala. Mtayarishaji David Foster alifanya kazi akifuata rekodi ya Ronstadt, ile isiyo na ubeti wa mwisho. Alipozungumza na Dolly kwa simu, Dolly ndiye aliyemjulisha kwamba kuna ubeti unakosekana, na akampa maneno. Ubeti ukarudi. Bila huo, ule ukimya na ile ngoma vingefuata nini? Sauti ya Whitney isingekuwa na mahali pa kupandia. Na katika filamu hiyo hiyo, mtu akiwa makini, atausikia wimbo mara nyingine: Whitney na Costner wanacheza katika baa, na kwenye mashine ya muziki unapigwa kwa mtindo wa kantri, sauti ya mwanamume, John Doe. Niliwaonyesha vijana wa dukani sehemu hiyo kwenye mkanda wa video. Ubishi wa wimbo ni wa nani ulipungua sana baada ya hapo.

Sauti nyingine ziliendelea kuja. Mwaka 1993 Sarah Washington wa Uingereza aliugeuza kuwa wa disko, wa haraka, na kwa masikio yangu huo ndio uliopoteza kitu, maana huwezi kumuaga mtu ukiwa unakimbia. Mwaka 1995 Dolly aliurudia na Vince Gill, wakiimba wawili, na ghafla anayeachwa naye akapata sauti. Ninaupenda sana huo. Ulionyesha kwamba anayebaki naye anaweza kusema maneno yale yale, akabariki safari ya mwenzake. Novemba 1994 Whitney alikwenda Afrika Kusini, miezi michache baada ya Mandela kuapishwa, akaimba Durban, Johannesburg na Cape Town. Wimbo uliotungwa Nashville kumridhisha mwajiri mmoja ukaimbwa mbele ya viwanja vilivyojaa watu waliokuwa wanaiaga enzi nzima.

Naye Porter Wagoner? Mwaka 1979 alimshtaki Dolly mahakamani akidai mapato, wakamaliza nje ya mahakama. Baadaye walipatana. Mwaka 2007, Wagoner alipotimiza miaka 50 katika Grand Ole Opry, Dolly alimwimbia wimbo ule jukwaani, mzee akiwa amekaa anamsikiliza. Alifariki Oktoba mwaka huo huo. Februari 2012 Whitney naye alifariki, na jeneza lake lilitolewa kanisani Newark, mji alikozaliwa, huku rekodi yake ya wimbo huo ikipigwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi ya kaseti, lakini watu waliokuwa wateja wangu walinisimamisha barabarani siku ile kuniuliza kama bado ninayo santuri ya Jolene. Ninayo.

Dolly ameeleza jinsi alivyousikia wa Whitney kwa mara ya kwanza: alikuwa akiendesha gari, redio ikaanza sauti ile bila ala, akachukua muda kutambua kwamba ni wimbo wake, na ilimbidi aegeshe pembeni asije akapata ajali. Amesema pia kwamba sehemu ya mirabaha ya wimbo huo alinunulia jengo la biashara katika mtaa wa watu weusi Nashville, kwa heshima ya Whitney. Na ameongeza kwamba fedha zilizotoka humo zingetosha kununua Graceland, jumba la Elvis.

Nalitaja jambo la fedha makusudi, kwa sababu niliishi upande wake mwingine. Katika biashara ya kurekodi kaseti, kila kona ya nchi, hakuna senti iliyomfikia mtunzi. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya kilianzishwa mwaka 1983, lakini kwenye kaunta zetu hakikuhisika. Tulikuwa na wimbo wetu wa mapenzi ulioimbwa na dunia nzima: “Malaika”. Fadhili William aliurekodi Nairobi mapema miaka ya 1960; Miriam Makeba akaubeba, na Harry Belafonte, na Boney M mwaka 1981, na Angélique Kidjo. Hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga, Fadhili au Adam Salim wa Tanzania, na Fadhili alifariki mwaka 2001 bila kuishi maisha ambayo wimbo kama huo ungempa mtunzi wake mahali pengine. Nyimbo mbili za mapenzi, zote nyepesi, zote zimeimbwa na kila mtu. Moja ilikuwa na karatasi, nyingine haikuwa nayo.

Siku hizi Nakuru ina vijana wanaopiga gitaa peke yao kwenye mabaa na hoteli wikendi, wanachanganya mugithi na kantri, na Kenya ina waimbaji wake wa kantri wanaojulikana, kama Sir Elvis Otieno. Baadhi ya vijana hao huja kwangu kuazima nyimbo za zamani. Wengi wameanza kutunga zao, na wananiuliza wafanye nini mwimbaji mkubwa akiutaka wimbo wao. Ninawaambia kile nilichojifunza kutoka kwa mwanamke wa Tennessee ambaye sijapata kumwona. Mwacheni auimbe, tena mwacheni auimbe kwa namna yake, hata kama ataugeuza msiutambue redioni. Lakini kabla hajafungua mdomo, uandikisheni kwa majina yenu, na akiomba nusu yake, mwambieni hapana, hata kama mtalia usiku kucha.